HIARI YASHINDA UTUMWA: MAMLAKA YA SERIKALI KATIKA KUSADIKIKA NA HADITHI ZA KEZILAHABI

I

Isongole ni kata ya Wilaya ya Ileje, katika Mkoa wa Songwe, mahali inapokoma barabara itokayo Mpemba karibu na Tunduma na kukutana na nchi ya Malawi. Sehemu kubwa ya mpaka wa wilaya hiyo hufuata Mto Songwe. Wandali na Wamalambya hawakuulizwa mpaka huo upite wapi. Ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya tarehe 1 Julai 1890, yaliyofanywa na watu ambao hawakupata kuuona mto wenyewe. Tangu siku hizo watu wa lugha moja na ukoo mmoja wamekuwa raia wa serikali mbili. Kwa jamaa hao mto ni maji ya kuvukwa, lakini kwa serikali mto ni ukuta, na mlangoni pake pamewekwa forodha.

Mtu akitaka kujua mamlaka ya serikali ni kitu gani, mahali kama hapo hufundisha upesi kuliko vitabu vingi. Katika mwezi wa Machi 2025 serikali ya Malawi ilizuia mahindi, mchele, ndizi, tangawizi na bidhaa nyingine zisiingie kutoka nje. Katika mwezi wa Aprili serikali ya Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini. Hazikupita siku nyingi, mazungumzo yakaanza na marufuku ya Tanzania ikaondolewa. Katika miji mikuu jambo hili liliitwa mgogoro wa biashara. Kwa mkulima wa mpakani lilikuwa na maana nyingine: kitendo kilichokuwa halali Jumatatu kiligeuka kosa Ijumaa, kisha kikarudi kuwa halali, hali yeye mwenyewe hakubadilika, wala ndizi yake haikubadilika, wala mnunuzi wa ng'ambo hakuacha kuitaka.

Swali litokalo katika jambo hilo ni la zamani. Je, ubaya wa mamlaka hutokana na watu wabaya waliokabidhiwa, au mamlaka yenyewe, hata mikononi mwa watu wema, yana ubaya wake? Wafuasi wa falsafa ya hiari, yaani wale waaminio kwamba mtu mzima asilazimishwe kwa nguvu ila pale anapomdhulumu mwenzake, hujibu kwamba ubaya umo katika mamlaka yenyewe. Fasihi ya Kiswahili inayo majibu yake pia. Yafaa kupima majibu ya watungaji wawili, Shaaban Robert na Euphrase Kezilahabi, kwani mara nyingi husifiwa pamoja kuwa ni watetezi wa wanyonge, na tofauti yao katika jambo hili husahauliwa.

II

Kusadikika kilitolewa katika mwaka wa 1951. Hadithi yake ni nyepesi kuisimulia. Karama ameshtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria katika nchi ya Kusadikika. Badala ya kulikana shtaka, Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, ambao kila mmoja wao alitumwa kutafuta mambo ya manufaa kwa nchi, akavumilia taabu za safari, na aliporudi na heri akatupwa kifungoni. Mwisho Mfalme anatambua dhuluma iliyotendeka, wafungwa wanafunguliwa, na Karama anaokoka.

Wasomaji wengi wamekiona kitabu hiki kuwa fumbo la utawala wa kikoloni, na nchi iliyo angani kuwa Tanganyika iliyo ardhini. Tafsiri hiyo ina haki yake, lakini huacha nje jambo kubwa. Shaaban Robert mwenyewe alikuwa mtumishi wa serikali tangu ujana wake. Kwa miaka mingi, kuanzia 1926, alikuwa karani wa forodha, na baadaye alifanya kazi katika ofisi nyingine za serikali. Aliyajua mamlaka kwa ndani, kwa kalamu, wino na muhuri. Pengine ndiyo sababu kitabu chake hakitamani nchi isiyokuwa na serikali. Kinatamani serikali ifungwe na sheria, na mshtakiwa apate mtu wa kumsemea. Karama haombi kiti cha Majivuno. Anataka mtu kama Majivuno asiweze kumfunga mtu kwa sababu tu ya chuki yake.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya kitabu. Shaaban Robert aliona wazi jambo ambalo wanasiasa wengi hawakuliona, au hawakutaka kuliona: mamlaka huogopa zaidi ujuzi kuliko silaha. Wajumbe sita hawakuasi wala hawakuiba. Kosa lao ni kwamba waliziona nchi nyingine, wakarudi na kipimo cha kuipimia nchi yao. Serikali isiyo na mpaka haivumilii kipimo, na asiyetaka kupimwa hana budi kumfunga mwenye mizani.

Lakini hapo hapo ndipo ulipo udhaifu wake. Wafungwa wa Kusadikika wanatoka gerezani kwa huruma ya Mfalme. Neno lililowafunga lilitoka juu, na neno linalowafungua linatoka juu vile vile. Karama ameshinda kesi, lakini hajaibadili mizani. Kama Mfalme yule angeamka siku hiyo na moyo mwingine, hoja zote za siku sita zisingemwokoa. Uhuru ambao mtu hupewa na mwenye nguvu waweza kutwaliwa na mwenye nguvu, na mtu aliyeupokea kwa njia hiyo hubaki mdeni. Shaaban Robert aliiamini sana hekima ya mtawala mwema. Aliubadili moyo wa mwenye kiti, akakiacha kiti kilivyokuwa.

Asilaumiwe kupita kiasi. Katika mwaka wa 1951, mtungaji aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni hakuwa na nafasi ya kuandika kila alichokiona. Lakini mhakiki hana ruhusa ya kugeuza udhuru wa mtungaji kuwa fadhila ya kitabu. Kusadikika ni utetezi mkubwa wa sheria dhidi ya hasira ya mtu mmoja. Kuwa utetezi wa hiari dhidi ya mamlaka ni jambo jingine, na kitabu hiki hakijalifikia.

III

Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe katika mwaka wa 1944 na kufariki dunia katika mwezi wa Januari 2020, alikuta mambo yamegeuka. Mkoloni amekwenda zake. Mwenye kiti sasa ni mwananchi, na tena anasema maneno mazuri: usawa, undugu, kujitegemea. Swali la Kusadikika likawa gumu zaidi, kwa kuwa hakuna Majivuno wa kunyoshewa kidole. Itakuwaje ikiwa amri ni ya mtu mwema, na shabaha yake ni njema?

Katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975), Tumaini anaishi ujana wa ovyo, kisha anatulia, anakuwa mkulima, na shamba lake linanawiri. Baada ya Azimio la Arusha shamba hilo linakuwa mali ya umma. Tumaini anamwua Mkuu wa Wilaya, naye ananyongwa. Kwa msomaji wa Tanzania hadithi hii haikuwa ngeni. Tarehe 25 Desemba 1971, huko Isimani, Dr. Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, aliuawa na mkulima Saidi Mwamwindi, naye Mwamwindi alihukumiwa kifo. Kezilahabi hakumfanya muuaji wake kuwa shujaa. Damu ya Mkuu wa Wilaya haikurudisha shamba wala haikumrudishia Tumaini heshima. Hata hivyo mtungaji hakukubali kumwita Tumaini mnyonyaji na kufunga shauri. Alimlazimisha msomaji kuwatazama watu wawili waliouawa na kuuliza ni jambo gani lililowafikisha pale, mmoja akiwa na amri mkononi na mwingine akiwa na silaha.

Gamba la Nyoka (1979) kinakwenda mbali zaidi. Vijana wawili wenye elimu, Mambosasa na Mamboleo, wanahusika na kuanzishwa kwa vijiji vya ujamaa, na watu wa vijijini wanapoukataa mwito huo, wanahamishwa kwa nguvu ya dola. Hapa Kezilahabi hachezi na wajinga upande mmoja na wajuzi upande wa pili. Wazee wake wana ushirikina, woga na ukaidi. Padre wake ana siri ya aibu. Wasomi wake wana maneno mengi kuliko matendo. Jambo linalowatenganisha hawa wote si wema wala ubaya. Wengine wana uwezo wa kuamuru na wengine hawana. Msomi anajua, au anadhani anajua, lililo jema kwa mwanakijiji, na kwa kuwa anadhani hivyo haoni haja ya kumngoja akubali. Elimu ambayo Karama aliitaka iwe ngao ya raia imekuwa fimbo ya kumswagia.

Jina la kitabu limewashughulisha wengi. Nyoka hujivua gamba akabaki nyoka. Yawezekana gamba ni mila za zamani ambazo wanakijiji wanatakiwa kuzivua. Yawezekana pia, na tafsiri hii yaonekana kuwa na nguvu zaidi, kwamba aliyejivua gamba ni mamlaka yenyewe: jana yalivaa kofia ya mkoloni, leo yamevaa vazi la chama, na meno ni yale yale. Tafsiri hii ikikubaliwa, Kezilahabi amemjibu Shaaban Robert waziwazi. Kumbadili Mfalme hakutoshi.

Mtungaji huyo huyo, katika tamthilia ya Kaptula la Marx, aliyoiandika mwishoni mwa miaka ya 1970, aliwachora viongozi wakisafiri kuitafuta nchi ya Usawa katika vazi lisilowaenea. Tamthilia hiyo haikupigwa chapa mpaka mwaka wa 1999. Miaka ishirini ni safari ndefu kwa kichekesho.

IV

Ubingwa wa kitabu si ushahidi wa ukweli wake. Yafaa basi kuuliza kama historia inamwunga mkono Kezilahabi, au kama alitia chumvi.

Katika maandishi yake ya mwaka wa 1967 juu ya ujamaa vijijini, na tena katika yale ya 1968 juu ya uhuru na maendeleo, Mwalimu Nyerere alieleza kwa ufasaha kwamba watu hawawezi kuendelezwa na mtu mwingine ila hujiendeleza wenyewe, na kwamba kijiji cha ujamaa hakiwezi kuundwa kwa kulazimisha. Hakuna mfuasi wa falsafa ya hiari ambaye angeyapinga maneno hayo. Na mfano wake ulikuwapo. Katika Mkoa wa Ruvuma, wakulima wa Litowa na vijiji jirani walikuwa wameungana kwa hiari yao tangu miaka ya mwanzo ya uhuru katika chama chao cha maendeleo. Walilima pamoja, wakawa na shule iliyofuata maisha ya kijiji, wakapanga mambo yao katika mikutano yao wenyewe. Ulikuwa ni ujamaa usiokuwa na amri.

Katika mwezi wa Septemba 1969 chama hicho cha Ruvuma kilivunjwa kwa uamuzi wa TANU. Kosa lake halikuwa ubepari, wala uvivu, wala wizi. Kilikuwa kimefanikiwa bila kuomba ruhusa ya kufanikiwa. Miaka minne baadaye, tarehe 6 Novemba 1973, ikatangazwa ya kuwa kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba itimizwe kabla ya mwisho wa mwaka wa 1976. Kufikia 1977 watu zaidi ya milioni 13 walihesabiwa kuwa wakaazi wa vijiji. Katika muda huo huo halmashauri za wilaya ziliondolewa katika mwaka wa 1972, na vyama vya ushirika vya wakulima vikavunjwa katika mwaka wa 1976. Vyote viwili vilirudishwa katika miaka ya 1980, serikali yenyewe ilipotambua kwamba ilikuwa imekata tawi ililolikalia.

Mtiririko huu una fundisho ambalo Gamba la Nyoka linaligusa bila kulitaja. Amri haikuja kwa sababu hiari ilishindwa. Hiari ilivunjwa kwanza, kisha amri ikaletwa kujaza pengo. Watu wema, wakiongozwa na mtu ambaye unyofu wake unakubaliwa hata na wapinzani wake, waliliua jambo walilolipenda kwa sababu hawakuweza kuvumilia likue nje ya mikono yao. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Hawakusema ila utumwa uwe wa kheri.

V

Ingekuwa si haki kuishia hapo. Mtetezi wa serikali ana hoja zake, na Isongole ni mahali pazuri pa kuzisikia.

Hoja ya kwanza ni barabara. Njia ya lami kutoka Mpemba hadi Isongole, yenye urefu wa kilomita zipatazo 50, imejengwa na serikali. Kabla yake, masika yalikuwa yakimkatalia mkulima wa Ileje kufika sokoni kwa ukali kuliko afisa yeyote wa forodha. Hoja ya pili ni elimu. Mzee wa Isongole ambaye lugha yake ya nyumbani si Kiswahili, na ambaye leo aweza kukisoma Kusadikika, amewezeshwa na kampeni za kisomo cha watu wazima na shule za msingi za miaka ya 1970. Hoja ya tatu yagusa lugha yenyewe. Kiswahili sanifu, ambacho Shaaban Robert na Kezilahabi walikitumia, kilisimamiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa katika mwaka wa 1930 na serikali za kikoloni, na kwa muda mrefu vitabu vya shule vilihitaji idhini ya Kamati hiyo. Hata ulimi wa kuilaumia serikali umepitia mikononi mwa serikali.

Hoja hizi ni nzito, lakini hazithibitishi kila zinachodhaniwa kuthibitisha. Barabara haimlazimishi mtu kuipita; humwongezea mahali pa kwenda, na kwa hiyo huongeza hiari. Marufuku ya mazao humpunguzia mahali pa kwenda. Serikali ile ile iliyotandika lami hadi mpakani ndiyo iliyofunga lango mwisho wa lami. Basi swali linalofaa kuulizwa mbele ya kila tendo la serikali ni hili: je, baada yake mtu ana njia nyingi zaidi mbele yake, au chache zaidi? Kwa kipimo hicho kisomo kinafaulu na kuhamishwa kwa nguvu kunashindwa, ijapokuwa yote mawili yalifanywa na watu wale wale katika miaka ile ile.

Juu ya lugha, jibu ni gumu zaidi. Usanifishaji uliwapa watu wa Ileje na wa Lamu kalamu moja, lakini pia uliwafunza watungaji kuomba idhini. Pengine tabia ya Karama ya kumwelekea Mfalme kwa kila jambo ina mizizi hapo: mtungaji aliyezoea kamati humwona msomaji wake wa kwanza kuwa mkubwa wa ofisi.

Wengine husema kwamba dawa ya haya yote ilipatikana katika mwaka wa 1992, vyama vingi viliporuhusiwa. Kuruhusiwa huko kulikuwa na heri kubwa. Lakini sheria iliyofungua mlango kwa vyama iliufunga kwa mtu asiye na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga jambo hilo mahakamani kwa miaka mingi, na tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliamua kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki zake. Hata hivyo chaguzi kuu za 2015 na 2020 zilifanyika bila mgombea binafsi. Vyama hupigania ni nani ashike rungu. Ni vichache vinavyouliza rungu liwe na urefu gani. Kwa mpiga kura wa mpakani, mabadiliko ya namna hiyo ni gamba jingine.

VI

Mwisho yafaa kutaja upungufu mmoja ulio katika vitabu vyote hivi. Karama anasema mbele ya baraza. Tumaini anaua. Wanakijiji wa Gamba la Nyoka wanapinga, kisha wanabebwa. Hizo ni njia tatu za kukutana na mamlaka: kuomba, kupiga, na kushindwa. Njia ya nne, ambayo ndiyo iliyotumiwa na watu wengi zaidi katika Afrika ya Mashariki, haikupata mtungaji wake. Ni njia ya mtu ambaye haombi wala hapigi, bali huendelea na maisha yake: hufanya ushirika na jirani, huuza anapopata mnunuzi, huoa ng'ambo ya mto, huzika ng'ambo ya mto, na huuhesabu mpaka kuwa ni gharama mojawapo ya safari. Watu wa Litowa walikuwa wa namna hiyo, na watu wa Isongole na Chitipa wamekuwa hivyo tangu 1890.

Kukosekana kwao katika hadithi hizi si ajali. Mtungaji aliyelelewa katika ofisi ya serikali, kama Shaaban Robert, au katika chuo kikuu cha serikali, kama Kezilahabi, hata akiilaumu serikali huiweka katikati ya jukwaa. Hasira nayo ni namna ya kuheshimu. Hadithi ambayo serikali imo pembezoni, kama lango la forodha lilivyo pembezoni mwa maisha ya kijiji, bado haijaandikwa kwa Kiswahili kwa ukubwa unaostahili.

Hata hivyo vitabu hivi vimefanya kazi yake. Shaaban Robert aliwafundisha wasomaji kwamba mtawala asiyefungwa na sheria ni hatari. Kezilahabi akaongeza kwamba hata nia njema, ikipewa bunduki, ni hatari. Somo la kwanza limekubaliwa na karibu kila mtu, angalau kwa mdomo. La pili bado linabishaniwa, na litaendelea kubishaniwa kila siku ambapo lori la ndizi litasimamishwa katika daraja kwa manufaa ya watu ambao hawakuulizwa.